Mgeni Asiye na Mwenyeji

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa, na mama aliyekuwa mbele yangu akafungua kichupa cha mafuta ya kufukuza mbu akajipaka shingoni, kuyajaribu kabla ya kununua. Harufu yake ilikuwa kama mchaichai uliopondwa. Nilisahau nilichokwenda kutafuta. Muuzaji aliponiuliza nataka nini nilibaki nimemkodolea macho, kwa sababu wakati ule nilikuwa Kibiti, mtoto wa shule, nimekaa barazani kwetu na vumbi miguuni, na upande wa pili wa baraza amekaa Mwalimu Birgita anajipaka mafuta yake ya mbu kuanzia vidole vya miguu mpaka masikioni.

Sisi hatukuwa watu wa Kibiti. Baba alikuwa mganga wa zahanati na mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, wote wazaliwa wa Njombe, na wote walifika pwani kwa uhamisho ambao hawakuuomba. Mama hakuwahi kulizoea joto. Aliongea nalo kama anayeongea na mpangaji msumbufu. Tulikaa kwenye nyumba za walimu, zile zilizojengwa mbili mbili kwa ukuta mmoja wa katikati, baraza moja, na mti mmoja wa mkorosho uani ambao kila nyumba ilidai ni wake.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena. Tuliokuwa tumezoea kupanga mstari kwa ajili ya sukari tuliamka tukakuta sukari imewekwa nje dukani, inatungoja sisi. Zikaja sabuni za kunukia, zikaja redio zenye milango miwili ya kanda, yakaja marobota ya mitumba yaliyofunguliwa pale stendi ambapo mabasi ya kusini yalisimama, na watu wazima wakagombea makoti ya baridi ambayo hakuna mtu wa Kibiti angeweza kuyavaa akabaki na akili zake. Lakini katika yote yaliyotufikia kutoka nje miaka ile, aliyenishangaza kuliko yote ni Mwalimu Birgita, aliyetoka Denmaki akaletwa kufundisha hesabu na fizikia shule ya sekondari, akapewa nyumba iliyoshikana na yetu.

Alikuwa mrefu, na alicheka kwa sauti kubwa hasa alipokosea. Na alikosea sana. Mwanzoni alimfuata mtu na shida yake moja kwa moja, bila hata hujambo. Mama akamweka kitako akamweleza kwamba hapa kwanza unauliza habari za asubuhi, halafu za nyumbani, halafu za watoto, halafu za kazi, ndipo unaomba chumvi. Akajifunza, na kama ilivyo kwa wageni wengi akapitiliza: akawa anamsalimia mtu mpaka anamchelewesha. Aliogopa mijusi ya ukutani lakini hakuogopa nyoka. Alipoona fenesi limening'inia kwenye shina alisimama akalizunguka, akaliwekea mkono, akaniuliza kama ni kweli. Siku aliyofua akaanika nguo zake za ndani uani, upande wa barabara, wapita njia walipunguza mwendo. Mama alitoka na kanga akazifunika zote kwenye kamba, kisha akamwendea taratibu.

"Mwalimu, hizo huanikwa ndani."

"Lakini jua liko nje."

"Jua liko nje, na wanaume nao wako nje."

Walicheka wote wawili mpaka mama akajifuta machozi. Nadhani ndipo urafiki wao ulipoanza. Jioni alitupa mimi na watoto wa jirani hesabu za kuchora kwa kijiti mchangani, na ni yeye wa kwanza kuniambia kwamba nina kichwa cha hesabu. Mpaka hapo nilijua nina kichwa cha kusukwa tu. Nilimpenda kwa kweli, vile mtoto anavyompenda mtu anayemwona ana maana.

Kitu kimoja tu hakuna aliyekielewa. Kila mwisho wa juma alivaa viatu vya kufunga kamba, akabeba chupa ya maji na darubini yake, akatoka kwenda mbali. Aliweza kwenda kwa miguu mpaka vijiji ambavyo hata mama hakuvijua, au kudandia lori mpaka Mkongo akarudi jioni mwekundu kama nyanya. Watu wakimwuliza njiani anakwenda kwa nani, alijibu haendi kwa mtu, anakwenda kuona tu. Jibu hilo liliwakosesha usingizi. Kwetu mtu hufunga safari kwenda kwa mtu: shangazi, mdeni, mchumba, fundi, kaburi. Kwenda kuona mto, wakati huna shamba wala ndugu kwenye huo mto, lilikuwa jambo ambalo mtu mwenye heshima halisemi isipokuwa anaficha jingine.

Kwa hiyo tulimtafutia hilo jingine. Wanywa kahawa pale stendi walisema anatafuta mali zilizofukiwa na Wajerumani. Mimi niliamini habari yangu mwenyewe, ambayo niliiona ni nzuri zaidi. Kila mtoto wa Rufiji aliijua hadithi ya meli ya kivita ya Wajerumani iliyokwenda kujificha kwenye delta, pale mto Rufiji unapogawanyika kuingia baharini, wakati wa vita vya kwanza, kati ya mikoko, mpaka Waingereza wakaifikia ikazama humo humo. Na kwetu sisi mzungu yeyote asiye Mwingereza alikuwa Mjerumani. Hivyo nilijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba babu yake alikuwa ndani ya meli ile na yeye amekuja kumtafuta. Nikimwona anarudi jioni na viatu vyenye matope nilimhurumia kwamba leo tena hakumpata.

Kisha siku moja akaitwa posta kupokea simu kutoka kwao. Alikwenda anakaribia kukimbia. Alirudi akitembea kama aliyebeba ndoo iliyojaa, macho yake yako mbele tu, akatupita barazani bila hata habari za jioni, yeye ambaye alikuwa bingwa wa habari. Tangu hapo akabadilika. Alifundisha kama kawaida, lakini akirudi alifunga mlango. Hesabu za mchangani zikaisha. Sahani ya mama ya wali na mchicha ilikwenda imejaa ikarudi imejaa. Baada ya muda tukasikia amemwambia mkuu wa shule kwamba anarudi kwao mwisho wa mwezi, kwa mambo ya nyumbani, na gari la mradi uliomleta litatoka Dar es Salaam kumchukua. Hakusema zaidi na mkuu hakuuliza.

"Joto limemshinda," mama alisema. "Simlaumu."

Lakini alisema akiwa hana furaha. Kidato cha nne walikuwa wamekaa muda mrefu bila mwalimu wa fizikia kabla yake, na mitihani yao ilikuwa inakuja. Wasichana wawili wa darasa lile walikuwa wanapita kwetu na kuuliza kama ni kweli, na mama alikuwa akiwajibu kwamba Mungu ni mkubwa, jibu ambalo hulitoa mtu asiye na jibu. Mimi nililia chini ya mkorosho. Niliona dunia imenionyesha kitu kizuri ili ije ininyang'anye.

Kabla ya kuondoka aliomba jambo moja. Alikuwa hajaiona delta. Alimwambia mama hawezi kurudi kwao bila kuuona msitu unaosimama baharini, na mama, ambaye katika miaka yake yote ya pwani hakuwahi kukanyaga boti, akakubali kumsindikiza, nami nikang'ang'ania. Mwenyeji wetu alikuwa Bi Siwema, mama wa kijiji cha Mbuchi, huko delta, aliyekuwa akija sokoni Kibiti kuuza ng'onda, samaki wa kukaushwa juani, na kamba wakavu. Nakumbuka alivyomwuliza Mwalimu Birgita kule sokoni, huku anafunga samaki wetu kwenye gazeti.

"Unakwenda kwa nani Mbuchi, mwalimu?"

"Sina mtu. Naenda kuona miti, na maji."

Bi Siwema alimtazama usoni kwa muda. Uso ule ulikuwa umekonda. Hakucheka kama walivyocheka wengine. Alisema tu, kwa upole ambao sikuuelewa, "Haya, mwanangu. Mie nitatangulia niwaambie."

Tulipanda lori la mizigo mpaka barabara ilipoishia kwenye matope, kisha tukaingia mtumbwi wa kaka yake Bi Siwema. Hapo ndipo nilipoziba mdomo kwa mkono na sikuutoa kwa safari nzima. Nilikuwa nimeishi karibu na mahali pale karibu maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kuniambia. Mikoko ilisimama pande zote mbili kwa miguu mingi mirefu, kama watu waliopandisha nguo wasilowe, na maji yalikuwa yanajaa kutoka baharini, yanapanda kimyakimya kwenye mizizi hata nikaona miti ndiyo inayozama. Kaa wekundu walikimbilia matawini. Kijito kiligawanyika vikawa viwili, kila kimoja kikagawanyika tena, na mwendesha mtumbwi alichagua bila hata kufikiri. Harufu ya tope lile ilikuwa ya chumvi na yai na kitu kingine kitamu ambacho sijui jina lake mpaka leo. Kiboko alitoa pua mbele yetu, akapuliza, akazama, nasi tukangoja kuona atatokea wapi. Mwalimu Birgita alikuwa amekaa mbele. Darubini ilikuwa shingoni kwake na hakuigusa. Nilitaka ashangae kwa sauti kama alivyoshangaa fenesi, ili nijue kwamba na yeye anaona ninachokiona, lakini aliangalia maji tu.

Kisha mikoko ikaachana na upande mmoja ukafunguka mpunga, kijani mpaka mwisho wa macho, na katikati yake madungu, vile vibanda vya nguzo ndefu ambamo watu wa huko huhamia msimu wa mpunga kuamia ndege na kuviziana na nguruwe. Familia nzima hupika na kulala juu, hewani. Kila nilipopafikiria mahali hapo kabla nilisikia kelele: Bi Siwema alikuwa ametusimulia jinsi wanavyopiga madebe na kupaza sauti kutwa nzima. Siku ile madungu yalikuwa kimya. Hapakuwa na mtu juu hata mmoja, na ndege walikuwa wanatua kwenye mpunga watakavyo. Hata mama, mtu wa mahindi, aliona kuna jambo haliko sawa.

Tulielewa tulipoteremka. Watu wote walikuwa kijijini. Wanawake wamekaa kwenye mikeka, kanga zimefunika vichwa, wanaume wamekaa kando chini ya banda la makuti, hakuna anayezungumza kwa sauti. Sufuria kubwa za wali wa nazi zilikuwa motoni. Bi Siwema alikuja, akamvua Mwalimu Birgita mfuko begani, akamfunika kanga mpya mabegani, akamshika mikono yote miwili.

"Pole, mwanangu. Pole kwa babu yako. Tumemsafishia pale alipolala."

Alionyesha nyuma ya nyumba. Kulikuwa na mawe ya kaburi la zamani, ambalo kule waliliita la mabaharia wa kigeni, na magugu yote yalikuwa yamelimwa, pamefagiwa mpaka nyayo za mfagio zinaonekana. Bi Siwema alikuwa amefikiri kama nilivyofikiri mimi. Mtu anayesafiri peke yake, amekonda, anasema anakwenda kuona miti, huyo ana marehemu wake huko na anaona haya kumtaja; na mwenye adabu hamlazimishi ataje. Na kwao, ndugu wa marehemu akifika kutoka mbali, hata akichelewa miaka, msiba hufunguliwa upya siku hiyo ili naye apate kulia na watu. Huo ndio uliokuwa umefunguliwa. Nilijawa na fahari. Nilikuwa nimejua tangu mwanzo.

Mwalimu Birgita alimgeukia mama, mama naye akamgeukia Bi Siwema. Kisha mwalimu akasema polepole, kwa Kiswahili chake cha kupanga neno moja moja, "Asante sana. Lakini babu yangu alilima viazi. Hakuja huku. Mimi si Mjerumani."

Bibi mmoja asiyesikia vizuri akauliza, "Kasemaje?" na mwenzake akamjibu sikioni, kwa nguvu, "Kasema si wake." Msichana mmoja akaanza kucheka akajificha ndani ya kanga. Mama alikuwa anatafuta mahali pa kuweka uso wake. Bi Siwema akakaa chini kwenye mkeka.

"Aibu gani hii," alisema. "Watu nimewatoa madunguni. Ndege wanakula mpunga wa wenyewe huko. Na wali umeiva." Kisha akamwinulia uso mwalimu, akauliza vile mtu anavyouliza kama kuna kiberiti ndani. "Mwalimu, hata mmoja basi? Hakuna uliyefiwa naye?"

Angeweza kusema hakuna. Tungekula wali, tungecheka, hadithi ingekuwa ya kuchekesha na mimi nisingekuwa naiandika. Mwalimu Birgita alisimama, akaikaza kanga yake mabegani.

"Mama," alisema. "Mama yangu. Ile simu ya posta. Walikuwa wameshamzika."

Bi Siwema alimvuta chini, akamlaza kichwa kifuani kwake, na wanawake wote wakaanza kulia. Sijawahi kusikia kitu kama kile, na nimehudhuria misiba mingi tangu hapo. Hawakupiga kelele. Kilikuwa kilio cha chini kilichoanzia mkeka mmoja kikapokelewa na mwingine, na ndani yake Mwalimu Birgita akatoa sauti yake mwenyewe, nzito, ngeni, ambayo bila shaka alikuwa ameificha tangu siku ya posta. Kwa akili yangu ya kitoto nilielewa kwamba machozi yale yalikuwa yameandaliwa kwa ajili ya babu Mjerumani, na kwa kuwa yeye hakutokea, amepewa mama wa Denmaki, kama wali uliopikiwa mgeni mmoja akaula mwingine. Niliona ni ajabu kubwa kuliko miti inayosimama baharini, kwamba watu wanaweza kumlilia mtu wasiyemjua kwa machozi ya kweli kabisa, mpunga wao ukiliwa. Bado naona hivyo.

Kisha wakamwuliza. Marehemu alikuwa anaitwa nani? Else. Wakalichukua jina wakaligeuza kwa ndimi zao, Mama Else, Mama Else. Aliugua nini, alilala muda mrefu, nani alikuwa naye, alikuwa mrefu kama wewe? Na yeye akajibu, kila swali, na alipokosa neno mama akamsaidia.

"Ukuta mmoja," mama alimwambia. "Mwalimu, mimi na wewe ukuta mmoja. Umekaa na msiba wako peke yako, mimi nakuletea mchicha."

"Kwetu mtu halii kwa watu," alisema Mwalimu Birgita. "Sikujua namna ya kusema."

Mama akang'ata pindo la kitenge akalia. Sikuwa nimewahi kumwona mama analia. Nilidhani ni kwa ajili ya Mama Else. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipopanga mambo vizuri na kukumbuka kwamba bibi yangu wa Njombe alifariki kipindi cha masika, barabara zimekatika, na mama hakufika kumzika. Alipewa pole na walimu wenzake siku moja, kesho yake akaingia darasani. Naye alikuwa mwalimu ugenini, ila kwa kuwa alikuwa anazungumza Kiswahili kizuri hakuna aliyemfungulia mkeka.

Hatukurudi kesho yake kama tulivyopanga. Tulikaa mpaka matanga yakaondolewa. Wanaume na watoto walirudi kuamia ndege, na siku ya mwisho Bi Siwema akampandisha Mwalimu Birgita kwenye dungu lake, akampa debe na kijiti. Mimi nilipanda nyuma yao. Kutoka kule juu uliiona delta yote, mpunga, halafu mstari mweusi wa mikoko, halafu mng'ao wa maji yaliyogawanyika mara zisizo na idadi, na juu yake mbingu kubwa ambayo haikuwa na kazi nyingine ila kuwa kubwa. Ndege walikuja wengi, wakageuka wote kwa pamoja kama kitambaa kinachokung'utwa. Mwalimu Birgita alisahau kupiga debe. Alitazama tu mdomo wazi, machozi yanamtoka tena, na Bi Siwema akapiga kwa niaba yake.

Gari la mradi lilifika Kibiti asubuhi ya siku iliyopangwa. Mabegi yalikuwa yamefungwa, yamesimamishwa mlangoni. Yeye alikuwa amekaa barazani na mama, kanga begani, anasimulia jinsi mama yake alivyokuwa akioka mkate wa giza, mzito, ambao watoto waliuchukia. Dereva akapiga honi. Mwalimu Birgita akayaangalia mabegi, akamwangalia mama, wala hakuinuka. Dereva akapiga honi tena. Ndipo mama akasimama, akaenda mpaka dirishani kwa gari.

"Usipige honi, mwanangu. Tuna msiba."

Dereva hakuuliza ni wa nani. Alizima gari, akavua kofia, akateremka, akaja barazani akampa mkono Mwalimu Birgita, akamwambia pole sana, kazi ya Mungu haina makosa, akakaa akanywa chai. Mama akamwambia mfiwa hasafirishwi kabla ya arobaini, arudi wakati huo. Dereva akaliona jambo hilo ni la haki kabisa, akaaga, akaondoka na gari tupu.

Arobaini ilipopita alirudi kama alivyoambiwa. Mwalimu Birgita alikuwa darasani na kidato cha nne, na mama akamwambia asubiri mpaka kipindi kiishe. Akaegesha gari chini ya mkorosho akasubiri, mtu mwenye adabu zake. Saa sita mkuu wa shule akamwonea huruma, akamwambia ukweli, kwamba kipindi kile kitaisha siku ya mtihani wa mwisho.